Shoferi Hana Kitu: Nani Amlipe Aliyegongwa?

Iko barabara katika wilaya ya Sakania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo dereva anayeipita hubadilisha mkono mara mbili kabla ya kumaliza safari. Hutoka Mufulira, Zambia, akishika kushoto. Akishavuka Mokambo huhamia kulia, kwa kuwa sasa yuko Kongo. Baada ya kilomita zipatazo 70 hufika Chembe, huvuka Mto Luapula kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2008, na kurudi kushoto. Ni njia ya mkato ya Wazambia wenyewe, wanaotoka ukanda wa shaba kwenda mkoa wa Luapula bila kuuzunguka ulimi huu wa ardhi ya Kongo uliochomoza ndani ya nchi yao. Mwanakijiji aliye katikati ya hizo kilomita 70 huona magari yasiyomletea mzigo wala kumchukua abiria. Humwachia vumbi na kelele. Upande wa pili wa wilaya hiyohiyo ipo Kasumbalesa, na barabara ya kilomita 90 hivi kwenda Lubumbashi, ambako malori ya shaba na kobalti hufuatana kama siafu yakielekea Dar es Salaam, Durban na Beira. Katikati ya malori hayo hupenya mabasi madogo, pikipiki za wale vijana ambao Lubumbashi huwaita manseba, baiskeli za wachuuzi wa makaa na watoto wa shule. Watu wanaoishi kando ya njia hizi hugongwa na magari ambayo mara nyingi hayana bima, au yana bima iliyokwisha muda, au yana karatasi ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Swali la mjadala huu ni fupi: akigongwa mtu, na shoferi hana kitu, deni ni la nani?

Ili hoja zisielee hewani, tubuni ajali moja ya kawaida kabisa. Basi dogo linatoka Kasumbalesa jioni. Njiani kuna lori lililoharibika, na nyuma yake shoferi ametandaza matawi mabichi juu ya lami, ile alama ya hatari ambayo kila mtu wa barabara hizi anaijua. Basi linayaona matawi yakiwa karibu mno, linakwepa kwa kulia, linamkumba mama aliyekuwa ameketi na magunia yake ya makaa. Mguu umevunjika mara mbili. Basi halina bima tangu miezi miwili iliyopita. Shoferi amekamatwa, na mfukoni mwake kuna nauli ya abiria wanane. Nimewaita watatu wazungumze: wakili, ambaye mjini Lubumbashi haitwi kwa jina bali kwa cheo chake, Maître, mwenye basi, tumwite Papa kama atakavyoitwa na wote, na mama mmoja wa soko, jirani ya aliyeumia. Pale ambapo sitaridhika na majibu yao, nitaingia mwenyewe.

Papa ndiye wa kwanza. "Maître, yule mama namhurumia, Mungu ni shahidi. Lakini usukani haukuwa mkononi mwangu. Gari nimemkabidhi kijana, kila jioni ananiletea fungu langu, anayoyafanya mchana ni yake. Bima ilikwisha, sikatai, nilikuwa natafuta hela ya kuilipia. Sasa mkinibana mimi, gari litauzwa. Na likiuzwa, wanangu nao watakuwa wamegongwa." Ni maneno ya mtu mkweli, na ndiyo maana yanastahili kujibiwa kwa uzito. Maître anajibu kwa sentensi moja: "Papa, umejifunga kwa neno lako mwenyewe, uliposema umemkabidhi." Sheria ya madai ya Kongo imejengwa juu ya dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, yenye umri mkubwa kuliko mji wa Lubumbashi wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1910. Kifungu chake cha 258 kinamtaka aliyeleta madhara kwa kosa lake ayafidie. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Na cha 260, ambacho ndicho uti wa mgongo wa mjadala huu, kinamfanya mtu ajibu pia kwa madhara ya wale anaowatuma kazi, na kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya uangalizi wake. Basi ni kitu cha Papa. Kijana yule anafanya kazi ya Papa. Lile fungu la kila jioni, ambalo Papa analitaja kama ushahidi kwamba hahusiki, ndilo kamba inayomfunga kwenye ajali: huwezi kupokea matunda ya mti kila jioni kisha useme tawi lililomwangukia mtu si lako.

Hapa kuna kosa la kufikiri ambalo limeenea kuliko ukosefu wa bima wenyewe. Watu husema, gari halina bima, basi hakuna fidia. Husema hivyo polisi, husema jamaa wa mgonjwa, husema hata baadhi ya watu waliosoma. Bima haikuzaa deni. Ilikuja baadaye kuwa mkoba wa kulilipia. Kongo iliifanya bima ya kumkinga mtu wa tatu kuwa lazima kwa kila gari kwa sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973. Wakati huo kulikuwa na duka moja tu la kuinunua, SONAS, shirika la dola lililoundwa mwaka 1966. Ukiritimba huo ulifutwa na kanuni mpya ya bima ya tarehe 17 Machi 2015, na kuanzia 2019 kampuni binafsi zikapewa leseni na mamlaka ya usimamizi, ARCA. Yote haya yanahusu mkoba: uuzwe na nani, uwe na kiasi gani, usimamiwe vipi. Mkoba usipokuwepo, deni hubaki palepale lilipokuwa tangu 1888, shingoni mwa mwenye kosa na mwenye gari. Tena mwenye gari asiye na bima ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, kwa kuwa kuliachia gari liingie barabarani bila bima ni kuvunja sheria hata kama halikumgusa kuku.

"Basi afungwe," watasema wengi, na hasira yao inaeleweka. Kuua au kujeruhi bila kukusudia ni kosa la jinai Kongo, na parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ikitaka inaweza kumweka shoferi ndani siku hiyohiyo. Lakini shoferi aliye rumande halipi plasta ya mguu. Mbaya zaidi, kifungo chake huwapa wote hisia kwamba jambo limekwisha: serikali imemwadhibu mtu, jamaa wameona pingu, mwenye gari amelikomboa gari lake kutoka uwanja wa polisi, na mama wa makaa yuko kitandani na risiti za dawa. Kesi ya jinai ina faida moja kubwa ambayo masikini hawaitumii vya kutosha. Aliyeumia anaweza kujiunga nayo kama mdai wa fidia, bila kufungua kesi nyingine ya pekee, na anaweza kuomba mwenye gari aitwe mahakamani kama mtu anayewajibika kwa malipo. Hakimu mmoja, faili moja, ushahidi uleule uliokusanywa na polisi. Asiyemtaja mwenye gari tangu mwanzo atapata hukumu nzuri dhidi ya kijana mwenye nauli ya abiria wanane.

Mama wa soko amekuwa akisikiliza kwa subira, na sasa anavunja kimya. "Maître, samahani, maneno yako ni ya kitabu. Sisi hatuli hukumu, tunakula bukari. Siku ya tatu baada ya ajali Papa alikuja hospitali na hela ya upasuaji, akaleta na gunia la unga. Wewe unatuambia tungoje korti. Korti inataka hela ya karatasi, hela ya usafiri wa kwenda mjini, hela yako na wewe. Nani kati yenu wawili amemsaidia jirani yangu?" Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote katika mjadala huu, na sitalipita haraka. Mapatano ya pembeni ndiyo njia halisi ya fidia katika sehemu kubwa ya eneo hili la Katanga. Si kwamba watu hawajui sheria, wamepiga hesabu. Pesa ya leo mkononi, katika nyumba ambayo mchuuzi wake hawezi kusimama, ina thamani kuliko pesa mara kumi ya baada ya miaka mitatu. Na kuna jambo la heshima pia. Mwenye gari anayekuja kilioni na kukaa chini pamoja na wafiwa amekiri kitu ambacho hakuna hukumu inayoweza kumlazimisha akiri. Wakili anayedharau hilo hajui watu anaowatetea.

Hata hivyo, Mama, tuitazame ile karatasi iliyotiwa saini pale hospitali. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja wa daftari, mistari minne au mitano, majina, tarehe, alama ya kidole gumba. Na mstari wa mwisho husema kwamba pande zote zimeridhika na hakuna atakayedai tena. Umetiwa saini siku ya tatu. Siku ya tatu hakuna daktari anayejua kama mfupa utaunga, kama kidonda kitaoza, kama mguu utakuwa mfupi kuliko mwenzake. Mama wa makaa ameuza haki ambayo bado hajaona ukubwa wake, kwa bei ya upasuaji wa kwanza. Sipingi mapatano, napinga mstari ule wa mwisho. Karatasi ileile, kwa hela ileile na gunia lilelile, inaweza kuandikwa kwamba Papa ametoa msaada wa matibabu wa kiasi fulani, na kwamba kiasi hicho kitahesabiwa kama sehemu ya fidia itakayojulikana mgonjwa akishapona. Papa mwema hatakuwa na sababu ya kukataa. Papa akikataa, tumejua kilichomleta hospitali. Na hata mapatano kamili hayaifungi parke mdomo, maana kosa la jinai si mali ya jamaa wa mgonjwa wala ya mwenye gari. Jambo hilo jamaa wakilijua hawatatishika wakiambiwa kwamba wakisaini ndiyo basi.

Papa anakubali shingo upande, kisha anageuza meza. "Sawa, Maître. Mimi ni mtu wa hapa, mnanijua mpaka mlango. Na yale malori ya nje? Yakimgonga mtu saa nane mchana, saa kumi na mbili yako Zambia. Mbona hamna ujasiri huo kwao?" Ni kweli mpaka ni maficho mazuri, lakini si mazuri kama Papa anavyodhani. Mwezi Desemba 1986, mjini Addis Ababa, nchi za eneo hili zilitia saini mpango ambao leo unaitwa Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na mwaka uliofuata ukaanza kazi. Lori la Zambia au la Kenya lenye kadi hiyo linapoingia Kongo huwa limebeba bima ya kwao inayotambuliwa hapa, na fidia huhesabiwa kwa sheria ya mahali ajali ilipotokea. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango wa kadi, jambo lenye maana kubwa kwa malori ya Dar es Salaam. Mtu aliyegongwa Mokambo halazimiki kwenda kudai Lusaka. Anadai kwenye ofisi ya taifa ya mpango ndani ya nchi yake, kazi ambayo Kongo iliikabidhi SONAS, na ofisi hizo za nchi mbalimbali hudaiana zenyewe. Afrika Kusini haimo, kwa hiyo lori lake linapaswa kununua bima njiani. Kadi hii ina namba, na kwa kawaida hukaa ndani ya kabini pamoja na karatasi za mzigo. Simu moja yenye kamera, ikipiga picha kadi, namba ya kichwa, namba ya tela, ambayo aghalabu ni tofauti, na karatasi inayoonyesha mzigo ni wa nani, inafanya kazi kubwa kuliko mbio za kumfukuza shoferi hadi mpakani.

Mzigo ni wa nani: hapo ndipo ninapotaka kumsukuma hata Maître, ambaye angeridhika kuishia kwa mwenye gari. Tarehe 20 Februari 2019, katika mkoa jirani wa Lualaba, lori lililobeba asidi ya salfa kuelekea mgodi wa Mutanda liligongana na basi. Asidi ikamwagika, na takribani watu 20 wakafa, wengine wakabaki na majeraha ya maisha. Mgodi ulikuwa chini ya Glencore, kampuni ya Uswisi, lakini lori lilikuwa la msafirishaji aliyepewa kandarasi. Katika biashara ya shaba ya Katanga huo ndio mpangilio wa kawaida: mgodi unampa kazi wakala, wakala anampa msafirishaji, msafirishaji anakodi lori la mtu mwingine, na mwisho wa mnyororo kuna kijana mmoja nyuma ya usukani, saa kumi na nne hajalala. Kila pete ya mnyororo inachukua faida yake, na ajali ikitokea kila pete inaonyesha ile iliyo chini yake. Kifungu cha 260 kinazungumzia anayetuma na anayekitunza kitu. Mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani kwa kuwa tajiri tu; hilo Maître atanikumbusha, na yuko sahihi. Lakini aliyechagua njia, aliyeweka saa ya kufika, aliyejua kwamba kilichomo ndani ni sumu, ameshika usukani kwa namna yake, na mdai anayeacha kumtaja anamsamehe bila kuombwa.

Yabaki yale magari ambayo hayana mwenyewe anayepatikana, au mwenyewe ni masikini kama aliyegongwa. Manseba aliyekopa pikipiki hawezi kulipa mguu wa mtu hata ukimkamua. Kwa hawa sheria ya 1888 ni kisima kikavu, na hapa lazima tuache kutafuta mkosaji tutafute mkoba wa pamoja. Afrika Kusini inao: mfuko wa ajali za barabarani unaoendeshwa kwa sheria ya 1996, unaolishwa na tozo iliyomo ndani ya bei ya mafuta, ambayo mwaka 2021 ilifika randi 2.18 kwa kila lita, na hulipa hata pale aliyegonga hakujulikana. Sakania haiwezi kuiga kama ilivyo. Lori linaweza kujaza tanki Kitwe au Ndola, upande wa Zambia, likavuka, likagonga, likarudi, bila kununua lita moja ya Kongo. Lakini kuna kitu ambacho lori haliwezi kukikwepa: kizuizi cha ushuru wa barabara. Kati ya Kasumbalesa na Lubumbashi kila gari husimama, hulipa, hupewa tiketi, ndipo mti unainuliwa. Fedha inapita pale mchana na usiku. Kipande kidogo cha tiketi hiyo, kikubwa kwa lori la madini na kidogo kabisa kwa basi la Papa, kingetosha kuanzisha mkoba wa waliogongwa na wasio na wa kumdai. Ndiyo hoja yangu nzima: deni la ajali lifuate faida ya barabara, kwanza kwa mwenye gari na mwenye mzigo, na pale wanapokosekana, kwa wote wanaoitumia barabara kuchuma.

"Kwa hiyo mimi ninayelipa bima nitalipa mara mbili," anasema Papa, ambaye tayari amesahau kwamba bima hakuwa ameilipia. Ndiyo, utalipa kidogo zaidi. Lakini hata bima yako halali inaweza kukuacha pabaya. Kenya ilijifunza hivyo: United Insurance ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, wenye matatu na waliojeruhiwa walibaki na karatasi nzuri na hukumu nzuri zisizo na wa kuzilipa. Maître naye ana lake: mfuko wa Afrika Kusini umezama katika madeni, na sehemu kubwa ya fedha yake imeishia katika gharama za kesi na mawakili. Sina jibu la kumpendeza, kwa kuwa tatizo hilo limetengenezwa na wenzake wa kazi. Mfuko wa Sakania usilipe kwa kesi bali kwa jedwali: kifo kiasi hiki, mguu kiasi hiki, matibabu kwa risiti ya hospitali, na mwenye kutaka zaidi amfuate mkosaji mahakamani. Kiwango kitakuwa kidogo, na kitawaudhi wale waliopoteza kikubwa. Kitafika, hata hivyo, kabla ya daftari la siku ya tatu, na mama mwenye uhakika wa upasuaji hatakuwa na haraka ya kuweka kidole gumba chini ya mstari wa mwisho.

Mama wa soko anauliza swali ambalo wote walikuwa wakilikwepa. "Na hiyo hela, nani ataishika? Maana sisi tumeshalipa vingi pale kwenye mti, na hatujaona kitu." Hapana sheria ya kumfanya mwizi asiibe. Lakini wizi wa mfuko huu ungeonekana kuliko wa mifuko mingine, kwa sababu ajali haifichiki kijijini. Kila mtu anajua nani aligongwa, siku gani, mbele ya duka la nani. Kila mwisho wa mwezi iandikwe karatasi moja: kilichokusanywa, ajali zilizopokewa, kijiji, tarehe, kiasi kilichotolewa, bila jina la mgonjwa. Isipelekwe Kinshasa kwanza. Ibandikwe palepale kwenye dirisha la tiketi, chini ya ile bei ya aina za magari, ambapo shoferi akisubiri chenji yake ataisoma, na mama mwenye makaa, akipita kwa miguu, atamwomba mtu amsomee.